Maji Yaokote Hewa

Umeme ulikatika saa nne na robo usiku, Goba Kulangwa,
na kitu cha kwanza kufa kilikuwa sauti:
ile kwikwi ya pampu niliyoizoea
kama mtu anavyozoea mkoromo wa mwenzake.
Niliamshwa na kimya.

Matangi matatu nyuma ya jiko,
vifaranga vya sato elfu moja na mia mbili,
kila mmoja urefu wa kidole cha mwisho cha Nkwimba, mwanangu,
aliyewalisha magharibi, konzi mbili badala ya moja,
kwa huruma.
Ana miaka saba. Sikumwamsha.
Lakini samaki aliyeshiba huvuta hewa kuliko mwenye njaa,
na maji ya Februari ni vuguvugu kama chai iliyosahauliwa,
na maji yakipata joto hayashiki hewa,
huiponyoka kama kiganja chenye mafuta.

Tochi ya simu. Nikainama.
Walikuwa juu wote, midomo imetoboa ngozi ya maji,
inafunguka, inafumba,
irabu tupu, hakuna konsonanti:
o, o, o.

Magesa, mlinzi wa jirani, akachungulia juu ya ukuta.
"Kwetu Ukerewe," akasema, "samaki hafundishwi kupumua."
Nikamwambia kwenu kuna ziwa zima la kumfundisha,
hapa kuna mimi na bili ya maji.
Akacheka. Kisha akaruka ukuta, akauliza ndoo iko wapi.

Nilichota kwa jagi, nikainua juu ya kichwa,
nikamimina kupitia kung'uto la tui,
maji yakashuka nyuzi nyuzi,
na kila uzi ukiwa njiani uliokota hewa kidogo,
kama mtoto aliyetumwa chumvi
akarudi na chumvi na pipi ambayo hukumtuma.
Chota. Inua. Mimina.
Si kwa nguvu, Magesa! Mkondo ukiwa mkali
wadogo hawa huogelea papo hapo usiku kucha,
asubuhi wamekonda kwa safari ambayo hawakwenda.
Wala si kwa upole mno;
maji yaliyotulia yanafaa kujitazamia uso tu.

Saa nane. Saa tisa.
Bega la kulia likaomba ruhusa, nikalinyima.
Magesa akauliza, bila kuacha kumimina, kwa nini sikufuga kuku.
Nikasema kuku wana kelele.
Tukasikiliza kelele yetu.

Watu hudhani usiku wa manane ndio mbaya.
Mbaya ni saa kumi na moja, mbingu ikianza kulainika,
wewe ukianza kujipongeza.
Ule ukijani wa maji, mkopeshaji mkarimu wa mchana,
usiku hugeuka, hupita akidai hewa yake mwenyewe,
na kabla ya mapambazuko anakuwa amedai mpaka senti.
Hapo tangi la tatu lilitushinda.
Mikono minne, matangi matatu:
kila tukihamia hapa, pale panafumba midomo.
Nilimulika. Walikuwa wamegeuka ubavu,
weupe wao juu,
kama vijiko vilivyomwagwa kwenye karo.

Saa kumi na mbili kasoro kumi taa ya jikoni ikawaka
ikanionyesha nilivyolowa.
Pampu ikakohoa mara mbili, ikashika.
Magesa akaangusha ndoo, akakaa hapo hapo chini, miguu ameinyoosha,
akanusa viganja vyake, akasema kitu kwa Kikerewe
ambacho hakunitafsiria.
Mimi nikamimina jagi jingine. Na jingine.
Sikuiamini.

Nkwimba alitoka na mswaki mdomoni, akaliona beseni.
Akachuchumaa, akahesabu kwa kidole,
akafika mia na nne, akapotea, akaanza upya.
Povu la dawa ya meno likamdondokea gotini.
"Walikufa kwa njaa?" akauliza.

"Hapana, mama," nikasema.
"Walikuwa wameshiba."